Shamba Lisilo Sawa

Mtu asimamaye kandokando ya shamba la mahindi wakati yanapoanza kutoa mbelewele huona jambo la kustaajabisha. Mbegu zilikuwa za namna moja, zilipandwa kwa siku mbili tatu, na mvua iliyonyesha ilikuwa moja. Lakini mahindi si sawa. Hapa yamesimama kama askari, marefu kupita kichwa cha mtu. Hatua ishirini mbele yamefika magotini tu, na majani yake ni ya manjano. Na mahali pengine hapana kitu ila udongo mtupu na magugu.

Mkulima asiyejua sababu ya jambo hilo hupata hasara mara mbili. Kwanza hupoteza chakula. Kisha hupoteza nguvu zake kwa kutia dawa mahali pasipo ugonjwa. Na mara nyingine hupata hasara ya tatu, iliyo kubwa kuliko hizo mbili, kama hadithi hii ionyeshavyo.

1. Mkulima na jirani yake

Katika nchi ya Irangi, wilaya ya Kondoa, katikati ya Tanzania, alikuwako mkulima mmoja mwenye shamba la eka tatu katika mteremko wa kilima. Shamba hilo alilirithi kwa baba yake, naye baba yake alilirithi kwa babu. Mwaka mmoja mvua zilinyesha vizuri. Akalima, akapanda mahindi, akapalilia kwa wakati wake. Lakini mwezi wa Februari, alipolizunguka shamba, aliona mahindi yamekuwa mafungu mafungu: haya mazuri, haya ya manjano, haya yamedumaa. Tena palikuwa na mahali pamoja, upande wa mpakani, ambapo mahindi yalikuwa yakinyauka kana kwamba ni kiangazi, ingawa udongo ulikuwa na unyevu wa mvua ya jana.

Ng'ambo ya mpaka huo palikuwa na shamba dogo la mjane mmoja mzee, aliyekaa peke yake. Mwaka ule bibi huyo alikuwa amepanda karanga, nazo zilistawi zikaifunika ardhi yote. Mkulima akazitazama karanga zile, akayatazama na mahindi yake, moyo wake ukaingia giza. Jioni akawaambia nduguze, "Nguvu ya shamba langu imevushwa mpaka. Yule bibi ana dawa ya kuvuta mavuno ya wenziwe."

Maneno hayo yakaenea upesi. Baada ya siku chache watoto wakaacha kumchotea bibi yule maji, na wanawake hawakumwamkia njiani. Watu wengine wakaanza kusema kwamba afadhali aondolewe kijijini.

Mkulima alikuwa na mwana, mwanafunzi wa darasa la sita. Kijana huyu alikuwa amekula karanga za bibi yule tangu utoto wake, na mambo yale yalimsumbua sana. Akamwambia baba yake, "Baba, kama pangeharibika pale mpakani tu, ningesema labda neno hilo ni kweli. Lakini mbona na kule juu mahindi ni ya manjano, na kule bondeni vilevile, wala huko hatupakani na bibi?"

Baba yake hakuwa na jibu. Kijana akasema tena, "Nakuomba, Baba, unipe ruhusa nimwite Bwana Shamba."

Mkulima akafikiri, kisha akasema, "Haya, mwite. Lakini asipoonyesha sababu, siku ya Ijumaa nitalipeleka neno langu kwa wazee."

2. Mahali palipo pamenyoka

Bwana Shamba alikuja asubuhi ya Alhamisi, amechukua jembe, koleo na chupa mbili tupu. "Shikamoo, mzee," akasema. Mkulima akaitikia, "Marahaba, karibu," lakini uso wake haukukunjuka. Bwana Shamba hakuingia shambani mara moja. Alipanda juu ya mwamba uliokuwa karibu, akamwita kijana, akamwambia alitazame shamba lote kutoka juu na kulichora katika karatasi.

"Kwanza tazama umbo la kila mahali," akasema. "Pakiwa pamenyoka kama kamba, ulizia mkono wa mtu au mguu wake. Pakiwa mviringo, au pamepindapinda kama maji yaendavyo, ulizia udongo, maji, wadudu na magugu."

Kijana akachora, akaona mahali sita pasipofanana na pengine. Mawili yalikuwa yamenyoka, na manne hayakunyoka. Wakaanza na yale mawili.

Pa kwanza palikuwa ukanda mwembamba uliokata shamba kutoka upande huu hata upande huu, na mahindi yake yalikuwa mafupi. Bwana Shamba akang'oa bua moja kwa uangalifu, akalitikisa udongo. Mizizi ilikuwa imeshuka kidogo tu, kisha ikapinda kama kiwiko cha mkono na kwenda upande. "Palikuwa na nini hapa?" akauliza. Mkulima akakumbuka, akasema, "Ilikuwa njia ya kwenda kisimani. Tuliifunga mwaka juzi." Basi miguu ya watu kwa miaka mingi ilikuwa imeushindilia udongo ukawa mgumu kama sakafu. Maji hayakuweza kupenya wala mizizi haikuweza kushuka, na jembe la mkono lilikuwa limelainisha sehemu ya juu tu.

Pa pili palikuwa mistari mitatu ambayo mashimo yake mengi yalikuwa matupu. Bwana Shamba akafukua, asikute hata mbegu moja. "Nani alipanda mistari hii?" akauliza. Kijana akainamisha kichwa. Akaungama kwamba siku ile jioni alikuwa amechoka, akaziangusha mbegu juu juu na kuzifunika kwa mguu. Na asubuhi yake aliwakuta kanga wakichakura. Mbegu ya mahindi yataka kufukiwa kiasi cha sentimita 5: ikiwa juu mno huliwa na ndege au hukaushwa na jua, na ikiwa chini mno hushindwa kutoka. Baba yake akacheka, mara ya kwanza juma lile.

3. Juu na chini ya mteremko

Kisha wakapanda sehemu ya juu ya shamba, ambapo mahindi yalikuwa ya manjano. Bwana Shamba akamwonyesha kijana jani la chini: umanjano wake ulianzia nchani na kurudi katikati kwa kufuata mshipa mkubwa, ila kingo zake zilikuwa bado na kijani. Hiyo ni dalili ya mmea ulioona njaa ya naitrojeni, kirutubisho kifanyacho majani yawe ya kijani. Mmea wenye njaa hiyo hunyang'anya majani yake ya zamani ili kuyalisha yale machanga, kwa hiyo majani ya chini hutangulia kuwa manjano.

Akachimba shimo. Udongo mwororo wa juu haukuzidi upana wa vidole vitatu; chini yake palikuwa na udongo mwekundu mgumu wenye changarawe. Akatia konzi ya udongo huo katika chupa moja. Kisha wakashuka hata chini ya shamba, akachimba tena. Na huko udongo mweusi ulishuka zaidi ya urefu wa mkono. Akatia konzi moja katika chupa ya pili. Chupa zote mbili akazijaza maji, akazitikisa sana, akaziweka kivulini zitulie. Katika chupa ya kwanza mchanga na changarawe vilianguka mara moja, vikajaa karibu vyote, na juu yake palikuwa na utando mwembamba tu wa udongo laini. Katika chupa ya pili mchanga ulikuwa kidogo, na udongo laini ulikuwa mwingi, hata maji yalichelewa sana kutakata, na vipande vyeusi vya majani yaliyooza vikaelea juu.

"Mzee," akasema Bwana Shamba, "unatafuta aliyeihamisha nguvu ya shamba lako. Ni kweli imehama. Lakini haikuvuka mpaka, imeteremka kilima."

Tone la mvua likianguka juu ya udongo usiofunikwa na kitu hurusha chembe zake, na maji yanayotiririka huzichukua. Chembe zilizo nyepesi, ambazo ndizo zenye mboji na rutuba, huenda mbali. Mchanga na changarawe hubaki. Mwaka mmoja mtu haoni badiliko lolote, lakini baada ya miaka mingi huona mawe yakitokeza. Watu wa Kondoa wanalijua jambo hilo sana, kwa sababu nchi yao ilikatwa na makorongo makubwa. Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, ili kuiponya nchi hiyo. Na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu za Kondoa zilizoharibika sana, ili majani na miti ipate kuota tena.

Mkulima akauliza, "Kama udongo mzuri umekuja huku chini, mbona mahindi ya huku nayo ni ya manjano?" Bwana Shamba akamwambia atazame shimo. Maji yalikuwa yameanza kujikusanya ndani yake. Udongo wa chini ulikuwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, na harufu yake ilikuwa mbaya. Mizizi huvuta hewa iliyo katika matundu ya udongo. Maji yakikaa katika matundu hayo siku nyingi, hewa hutoka, na mizizi husongwa pumzi, ikaoza. Hapo mmea hauwezi kula ijapokuwa chakula kiko tele.

Basi umanjano wa juu na umanjano wa chini ulikuwa na rangi moja, lakini ni magonjwa mawili. Wa juu ulitaka samadi na makinga maji. Wa chini ulitaka mfereji wa kuyaondoa maji. Mtu angechukua samadi na kuipeleka kule chini, angejichokesha bure.

4. Duara la kijani

Katikati ya shamba palikuwa na duara la mahindi marefu sana, yenye majani ya kijani kilichokolea. "Hapa hukuuliza kitu, mzee," akasema Bwana Shamba, "kwa kuwa mtu huuliza sababu ya hasara, haulizi sababu ya faida. Lakini zote mbili zina sababu."

Mkulima akasimama akafikiri. Akakumbuka kwamba alipokuwa mtoto mdogo, kabla ng'ombe hawajaondolewa, mahali pale palikuwa zizi la babu yake. Ng'ombe walilala pale usiku kwa miaka mingi, na samadi yao ikaingia ardhini. Babu alikuwa amekwisha kufa, na miti ya zizi ilikuwa imeliwa na mchwa, lakini udongo haukusahau.

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Huko Rothamsted katika Uingereza liko shamba la shayiri liitwalo Hoosfield, ambalo majaribio yake yalianza mwaka 1852. Kipande kimoja cha shamba hilo kilitiwa samadi kila mwaka mpaka mwaka 1871, kisha kikaachwa bila samadi. Hata baada ya miaka zaidi ya 100 udongo wa kipande hicho ulikuwa bado na rutuba kuliko kipande cha jirani ambacho hakikupata samadi kamwe. Nguvu ilipungua mwaka kwa mwaka, lakini haikwisha. Hivyo mtu atiaye samadi shambani hawalimii watoto wake tu, huwalimia na wajukuu.

Katika mashamba mengine duara la namna hii si zizi bali ni kichuguu cha zamani. Mchwa huupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, na kichuguu kikibomoka na kutawanyika, mara nyingi mimea iliyopo hapo hustawi kuliko mingine. Kwa hiyo kila mahali shambani pana habari zake, na mazao huzieleza.

5. Adui wa mpakani

Mwisho wakafika mpakani, mahali palipoleta maneno. Jua lilikuwa limepanda, na mahindi yalikuwa yamejikunja majani. Mkulima akakaa kimya, akimtazama Bwana Shamba kwa makini. Bwana Shamba akainama. Wahenga husema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye aliinama hata magoti yakagusa ardhi, akalichimba bua moja polepole pande zote, akalitoa pamoja na bonge la udongo, akaliosha kwa maji.

Penye mizizi ya mahindi palikuwa na vichipukizi vingi vyeupe, vyembamba, vimeshikamana nayo kama kupe ashikavyo sikio la ng'ombe. Karibu na hapo mmea mmoja mdogo ulikuwa umekwisha kutokeza juu ya ardhi, una maua mekundu ya kupendeza.

"Huyu ndiye mwizi wako, mzee," akasema. "Jina lake kiduha."

Kiduha ni gugu lisilojitafutia chakula lenyewe. Hujishikiza katika mizizi ya mahindi, mtama au uwele, likanyonya maji na chakula chake. Nalo hufanya kazi hiyo chini ya ardhi kwa majuma kadhaa kabla ya kutokeza juu. Ndiyo sababu mkulima huona mahindi yake yananyauka asimwone adui. Mmea mmoja huzaa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo huweza kukaa ardhini miaka 10 na zaidi zikingoja. Hazioti mpaka mzizi unaofaa upite karibu nazo. Huenezwa na maji ya mvua, na kwato za wanyama, na udongo ushikao jembe, na tena na mbegu chafu za nafaka.

Mkulima akashika kichwa. Alikumbuka kwamba miaka miwili iliyopita alinunua mbegu za mtama mnadani, akazipanda mahali pale pale. Kwa mkono wake mwenyewe labda ndiye aliyemleta mwizi.

"Na karanga za bibi," akauliza kwa sauti ndogo, "mbona hazikunyonywa?"

"Kiduha hiki hakiwezi kunyonya karanga," Bwana Shamba akajibu. "Tena mizizi ya karanga huzidanganya mbegu zake: huota zikidhani zimepata chakula, kisha hufa kwa njaa. Kunde na pamba hufanya vivyo hivyo. Nawe ukitaka kulisafisha shamba lako, panda karanga hapa kama yeye, tia samadi, na kila kiduha utakachokiona king'oe kabla hakijatoa mbegu, ukichome moto. Usichoke mwaka mmoja. Kazi hii ni ya miaka mingi."

6. Siku ya Ijumaa

Siku ya Ijumaa mkulima alikwenda kwa wazee kama alivyosema. Lakini mkononi alichukua bua la mahindi lenye kiduha katika mizizi yake. Akawaonyesha, akasema mbele ya watu wote, "Nilimsingizia yule mama. Mwizi wangu ni huyu."

Kisha akaenda na mwanawe nyumbani kwa mjane. Kijana alikuwa amejitwika ndoo ya maji. Mkulima akaamkia, akaomba radhi. Bibi akanyamaza kitambo kirefu, maana maneno yale yalikuwa yamemuumiza. Mwisho akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Lakini siku nyingine, kabla ya kunichimba mimi, chimba shamba lako."

Wakati wa kuvuna ulipofika, mkulima na mwanawe walimsaidia kung'oa karanga zake. Naye akawapa debe moja la mbegu.

Mwaka uliofuata mkulima hakulilima shamba lake lote kwa namna moja. Kule juu alipiga matuta ya kukinga maji, yaliyokatiza mteremko, akapeleka samadi ya ng'ombe wawili aliokuwa akiwafunga na kuwalisha nyumbani. Kule chini alichimba mfereji. Penye njia ya zamani alilima kwa kwenda chini sana. Na mpakani alipanda karanga. Shamba halikuwa sawa lote mwaka huo, wala mwaka wa pili wake. Ardhi iliyochakaa kwa miaka mingi haiponi kwa siku moja. Lakini kila mwaka sehemu mbaya zilipungua, na kijana aliihifadhi ile karatasi yake, akiongeza juu yake kila mavuno aliyoyaona.

Maswali

1. Mkulima alimdhania nani kuwa ameharibu mahindi yake, na kwa nini?
2. Umbo la mahali palipoharibika hutuambia nini? Toeni mfano wa mahali palipo pamenyoka na mfano wa mahali pa mviringo.
3. Mahindi ya juu na mahindi ya chini yote yalikuwa ya manjano. Elezeni tofauti ya sababu zake, na dawa ya kila moja.
4. Kwa nini mkulima hawezi kumwona kiduha anapoanza kuharibu mazao?
5. Bibi alitaka kusema nini alipomwambia mkulima achimbe shamba lake?

Kazi ya kufanya: Chagueni shamba moja lililo karibu na shule. Lichoreni katika karatasi, mkaonyeshe mahali mimea ilipostawi na mahali ilipodumaa. Waulizeni wazee mahali hapo palikuwa na nini zamani. Kisha, kwa ruhusa ya mwenye shamba, chimbeni mahali pawili, mkatie udongo wa kila mahali katika chupa ya maji, mtikise, na kuandika mliyoyaona.